Nilivyomdai Rudolf Ngamia Wetu

Kwa Baba Mkubwa, Lodwar, kupitia simu ya binamu anayesoma kwa sauti. Nakala kwa Shangazi, Kakuma.

Mimi ni mzima. Wazee ninaowahudumia hapa Munich nao ni wazima kwa kadiri ya umri wao. Nilipopata wikendi ya mapumziko nilifanya jambo ambalo kwetu lingeitishiwa kikao: nilipanda treni peke yangu, saa nne hivi za safari, nikaenda Vienna, mji mkuu wa Austria, bila mgonjwa wa kutazama, bila matanga, bila hata mbuzi wa kuuza. Najua Shangazi ameshauliza nimemfuata nani huko. Shangazi, nimemfuata marehemu.

Aliyenituma ni Baba Mkubwa. Siku ya kuniaga alisema nikifika Ulaya nimtafute yule Mzungu aliyeandikwa juu ya ziwa letu la Turkana. Tangu 1888 hadi 1975 ziwa lilibeba jina lake, miaka 87, na hakuna mzee anayekumbuka kulipwa hata mwanambuzi. Huwezi kutia chapa mifugo ya wenyewe miaka yote hiyo kisha ukanyamaza. Akapiga hesabu kwa ngamia. Idadi siiandiki hapa, barua husomwa na wengi.

Kwa vijana mnaosikiliza bila kujua habari yenyewe: mwaka 1887 Count Sámuel Teleki, tajiri wa Hungary aliyependa kuwinda, aliondoka Pangani na mwenzake Ludwig von Höhnel wa jeshi la majini, pamoja na mamia ya wapagazi na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia. Tarehe 6 Machi 1888 wakalifikia ziwa kwa upande wa kusini, hoi kwa kiu. Wapagazi wakajitupa majini, wakakuta yana magadi. Mtoto yeyote wa Kalokol, kando ya ziwa, angewaambia, lakini hakuulizwa. Hapo hapo Teleki, koo lingali kavu, akalipa ziwa jina la mwana wa Kaisari wake, Rudolf, aliyekuwa amekaa zake Vienna. Ziwa jingine dogo, upande wa Ethiopia, wakampa mkewe, Stephanie. Watu waliokuwa ufuoni wakila samaki wao hawakujua kwamba wamehamia Austria.

Sasa Vienna yenyewe. Kabla ya makaburi, maji. Mitaani kuna mabomba ya maji ya kunywa, bure, hayana mlinzi wala kufuli. Yanatoka milimani, yanateremka yenyewe bila pampu, kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1873. Nikanywa, nikajaza chupa, nikanywa tena, nikajaza tena, mpaka bibi mmoja mwenye mbwa akasimama kuniangalia kama ninahitaji daktari. Kisha mbwa naye akanywa. Nikakumbuka mwaka 2013 tulipotangaziwa bahari ya maji chini ya ardhi kule kwetu Lotikipi, na baadaye yalipopimwa yakakutwa na chumvi. Nikajaza chupa mara nyingine, kwa hasira.

Halafu kuna farasi. Wanavuta magari ya watalii, dereva amevaa kofia ya harusi, na kila mahali wanaposimama pananuka kama boma, kwa hiyo nilijisikia nyumbani. Lakini sikilizeni sheria yao. Tangu 2016, joto likifika digrii 35, farasi hawaruhusiwi kufanya kazi, wanarudishwa kupumzika. Digrii 35! Hiyo ni Lodwar kabla jua halijafika utosini. Binamu, sehemu hii usiisome karibu na punda, tusije tukabeba maji wenyewe.

Rudolf yuko chini ya kanisa la watawa Wakapuchini, katikati ya mji. Nilifika mlangoni nikaambiwa nilipe kiingilio, na kwa pesa yetu kinapita elfu moja. Kwetu ukienda matangani unalishwa. Hapa unalipa, na hata chai hakuna. Nikashuka ngazi. Huko chini wamelala watu wa ukoo wa Habsburg karibu 150, kila mmoja kwenye jeneza la chuma, mengine makubwa kuliko gari la Probox. Malkia Maria Theresa na mumewe wako pamoja juu ya jeneza lao, wamechongwa wakitazamana, kana kwamba ugomvi haujaisha.

Halafu nikasoma kibao kilichonitoa jasho. Kwa wengi wao, hapa kuna mwili tu. Mioyo imewekwa kwenye kanisa la Augustino, na matumbo yako chini ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Baba Mkubwa, hata kwenye karamu yetu ya akiriket nyama haigawanywi kwa umbali huo. Nikaanza kuhofia nitazunguka makanisa matatu kwa deni moja, nidai moyo huku na utumbo kule. Bahati nzuri desturi hiyo ilikoma miaka michache kabla ya Rudolf kufa. Yeye amelala mzima.

Nilimkuta chumba cha mwisho mwisho. Baba yake, Franz Joseph, yuko katikati, jeneza limeinuliwa, maana alitawala miaka 68 na hata kaburini hakushuka. Mama yake, Elisabeth, aliyechomwa kwa tupa huko Geneva mwaka 1898, yuko upande mmoja na ndiye mwenye mashada yote. Rudolf yuko upande wa pili. Nilipofika alikuwa na shada dogo moja lililonyauka, na mtalii alikuwa ameweka mkoba kando yake akitafuta miwani.

Nilimsalimu kwa Kiturkana, mdai haanzi na matusi. Nikataja ziwa, nikataja miaka, nikafika kwenye ngamia. Nyuma yangu sauti ikaniuliza kwa Kijerumani ninasali kwa lugha gani. Alikuwa mama mzee, mwavuli mkononi, nywele nyeupe zimepangwa vizuri. Nikamwambia ni lugha ya Turkana, Kenya, penye ziwa kubwa jangwani. Akanishika mkono.

"Rudolfsee! Lilikuwa kwenye ramani ya shule!"

Nikamwambia tulishabadilisha jina mwaka 1975, na aliyebadilisha ni serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, ambaye wakoloni walimfunga Lokitaung kisha wakamweka Lodwar, kwa hiyo joto la kwetu alilijua kuliko huyu hapa. Mama akalitazama jeneza kwa huruma.

"Na mwenyewe mlimwarifu?"

Nikamkumbusha kwamba mwenyewe alifariki tarehe 30 Januari 1889. Ziwa halikuwa limetimiza hata mwaka na jina lake. Alikufa kwa risasi huko Mayerling, na pembeni yake maiti ya Mary Vetsera, binti wa miaka 17 ambaye hakuwa mkewe. (Shangazi, mke aliolewa tena mwaka 1900 na bwana mmoja wa Hungary, kwa hiyo usimlilie.) Mama akaniambia marehemu alipenda ndege sana, alikuwa akiwachunguza na kuandika vitabu juu yao. Hapo nilimwonea huruma kidogo. Flamingo wa Kisiwa cha Kati walikuwepo, na wale ndege wanaohama kutoka hukuhuku Ulaya kila mwaka walikuja kwetu bila kumpitia. Yeye tu ndiye ambaye hakuja.

Nikarudi kwenye ngamia. Watu wa huku hawacheki deni. Mama alifikiri, akasema ukoo ule ulifukuzwa nchini mwaka 1919 na mali yao ikachukuliwa na serikali, kwa hiyo madai yangu niyapeleke serikalini, kwa maandishi, na wataomba risiti. Baba Mkubwa, risiti iko wapi? Mimi nimeishia hapo. Hata hivyo kesi yetu siyo mbaya kuliko ya wale Wanorwe waliotujengea kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kikasimama. Nao sijui wanamdai nani.

Baada ya hapo nilihitaji kahawa. Mikahawa ya Vienna ni kumbi zenye dari za juu, na mhudumu huvaa suti nyeusi na kukutazama kama mwakilishi wa wadi siku baada ya uchaguzi. "Mtu mmoja?" akauliza. Mmoja. Akanipa meza ya watu wanne nikae na upweke wangu. Kahawa ikaja kwenye sinia la fedha na glasi ya maji, kijiko kimelazwa juu ya glasi, karibu shilingi elfu moja, kikombe kimoja. Ila hufukuzwi. Unaweza kusoma magazeti mpaka jioni, na wako watu pale nadhani walianza tangu enzi za Kaisari.

Wenyeji wanasimulia kwamba kahawa yao ilitoka kwenye magunia yaliyoachwa na Waturuki mwaka 1683. Ni hekaya; aliyefungua mkahawa wa kwanza, mwaka 1685, alikuwa Mwarmenia. Mtu wa Kakuma hashangai. Nasi kahawa nzuri tuliletewa na majirani wa kambi ya wakimbizi: Mwethiopia anakuchomea buni mbele ya macho yako, ubani unafuka, bisi ziko kwenye sahani, na anakumiminia mara tatu bila kukuuliza kama uko peke yako. Shangazi, mwambie yule mama wa birika la jebena karibu na duka lako kwamba bei yake ni ya chini mno, lakini asipandishe mpaka nirudi.

Shangazi, uliuliza pia kama Vienna kuna UN. Ipo, majumba marefu kando ya mto Danube, tangu 1979. Nilikaa nje pale kitambo, sikuona hata mtu mmoja akitoka na mgao wa mafuta ya kupikia kama kule kambini.

Pesa za karo nimezituma kwenye simu ya Mama, siyo ya huyu anayewasomea. Kama sauti yake imeanza kupungua hapo, ndiyo sababu.

Mwanenu,
Munich