Sifa za Nyumba Iliyokataa Kuuzwa

Washairi wamelisifu jahazi, wameusifu mnazi, na kwenye harusi hata kitanda hupata beti zake. Nyumba ya Masese, kando ya ziwa mjini Jinja, Uganda, iliyoandikwa "inauzwa" kwa mkaa, maandishi yakafifia, yakarudiwa kwa rangi nyekundu, nayo ikafifia, hiyo haijapata wa kuitetea. Basi nimejitolea mimi. Vyumba vitatu na sebule, bati lililoshika kutu upande wa ziwani, mwembe uani, choo cha nje, bei inazungumzika. Kinachokosekana ni mtu wa kuzungumza naye.

Nianze na ukarimu wake. Nyumba iliyouzwa hulisha watu siku moja, basi. Iliyokataa kuuzwa hulisha mtaa mwaka mzima. Yuko broka mwenye ufunguo, ambaye hanyanyui mguu bila pesa ya mafuta. Yuko broka wa pili, anayemjua mwenye ufunguo. Yuko na wa tatu, ambaye mtaji wake wote katika biashara hii ni namba ya simu ya huyo wa pili, naye pia hawezi kurudi kwake mikono mitupu. Ongeza kijana wa bodaboda aliyewabeba. Ongeza mashahidi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, watu wanaoikumbuka mipaka ya kiwanja vizuri sana baada ya soda na kwa shida kabla yake. Ongeza jirani, ambaye kazi yake ni kumnong'oneza mteja kwamba humo mvua huingia. Wote hao wamekula, na nyumba iko palepale ikimsubiri mteja wa Jumamosi ijayo. Niambieni ni kiwanda gani cha Jinja, katika vile vilivyofungwa na vilivyobaki, kimekuwa mwaminifu hivyo kwa watu wake.

Tena ni mwalimu. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja iliingia katika ujiji, pamoja na Mbale na wenzake, na usiku huo bei zikapanda zenyewe. Aliyelala na nyumba ya shilingi milioni 60 aliamka na ya milioni 120, ukuta uleule, ufa uleule. Halafu kuna barabara ya kasi ya kutoka Kampala, inayoahidiwa miaka nenda rudi. Kila inapotajwa redioni, milioni 10 huongezwa kabla taarifa ya habari haijaisha. Hesabu za namna hii hakuna shule iliyoweza kuzisahihisha. Nyumba imezisahihisha kwa kukaa kimya. Mwaka wa kwanza mwenyewe husema, "120, siteremki." Mwaka wa pili husema, "Leta mteja kwanza." Mwaka wa tatu humuuliza broka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuiva, "Kwani wewe unaonaje?"

Wanunuzi walikuwepo, tusidanganyane. Mnunuzi wa Masese hakutoka benki, maana mkopo wa nyumba wenye riba inayopita asilimia 15 kwa mwaka si mkopo, ni ndoa. Alitoka ziwani. Mwenye boti mbili tatu akipata msimu mzuri wa sangara, au mukene, dagaa wa ziwa hili, wakikubali taa wakati wa giza la mwezi, alikuja na noti zinazonuka samaki, akalipa nusu papo hapo na nusu giza lijalo. Mwaka 2017 jeshi likapewa kazi ya kusaka uvuvi haramu. Boti zilizopungua futi 28 zikachomwa moto, na pamoja nazo zikaungua nyumba kadhaa ambazo zilikuwa bado hazijanunuliwa.

Akabaki mtu wa kyeyo, mfanyakazi wa ughaibuni. Huyu yuko Dubai, au Waltham kule Massachusetts, anaangalia nyumba kwa video ya simu, anaomba apelekewe kamera mpaka chooni, anaipenda, anasema atamtumia kaka yake pesa amalize mambo. Kaka amemaliza mambo: amejenga kwake. Nyumba yetu haikuhusika na dhambi hiyo. Haikutoka mkononi mwa mtu wala kuingia mkononi mwa mwingine.

Mwezi Mei 2020 alifika mteja asiye na broka. Ziwa lenyewe. Kipimo cha maji cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Likaingia mialoni, likapanda vibarazani, likakagua vyumba bila kutoa pesa ya mafuta kwa mtu yeyote. Kanuni za mazingira zilikuwa zimesema tangu 2000 kwamba mita 200 kutoka ukingo wa ziwa kama hili ni eneo la hifadhi. Asiyezisoma alisomewa na maji. Hebu fikirini lau soko lingekuwa na kasi: mgeni wa watu angenunua Februari na kuelea Mei. Nyumba ilikataa kumtia mgeni hasara. Hasara ilimwachia mwenyewe, kama adabu inavyotaka.

Ile methali ya haraka na baraka siigusi, imechoka. Nina ushahidi bora. Jinja imeshawahi kuwa na soko la kasi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na mji uliojengwa kwa vizazi ukabadilisha wenyewe: maduka ya Main Street, majumba yenye nguzo na mwaka uliochongwa juu ya mlango. Hakuna aliyebishania bei. Hakuna aliyeomba kuona taito, yaani hati ya ardhi. Hakuna broka aliyedai chochote. Kama uzuri wa soko ni wepesi wake, hilo lilikuwa soko zuri kuliko yote yaliyowahi kuonekana Afrika Mashariki. Sheria ya kurudisha mali hizo ilitungwa 1982, na mwaka 2019 kamati ya Bunge bado ilikuwa imekaa ikiuliza nyumba ipi iko kwa nani. Siku 90 za kuhama, miaka 47 ya kuulizana. Halafu mtu anaiona nyumba ya Masese imekaa miaka mitano bila kuuzwa, anasema ina mkosi.

Matapeli nao wanaichukia, na hiyo peke yake ni sifa. Tapeli anahitaji kasi: anapanga nyumba mwezi mmoja, anaiuza wiki ya tatu, wiki ya nne simu haipatikani. Ndiyo maana kuta nyingi za Uganda zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi. (Kusema kweli, maandishi hayo huvuta wateja kuliko ya inauzwa, binadamu ana mambo.)

Na kuna waume. Mzee fulani wa mtaa wowote unaoujua ameamua kuuza kimyakimya ili anunue gari la mtumba. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, inasema ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Lakini sheria iko kitabuni na mama yuko sokoni anauza nyanya. Anayemfikishia sheria ni ule uchelewaji. Mteja anakuja, anasitasita, anarudi na shemeji yake, anaenda kuuliza kwa fundi cherehani, fundi anamwambia msusi, na kufikia Alhamisi mama ameshajua, na mzee amepoteza hamu ya magari. Kwa kasi ya Kampala, angejulishwa na mtu aliyekuja kupima madirisha.

Sasa twendeni kule wanakoita Danida, maana hapo ndipo sifa zangu zinapoanza kunikwama kooni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha za Denmark, wanawake wa Masese waliokuwa wakiishi kwenye vibanda walijiunga, wakafyatua matofali, wakatengeneza vigae, wakachimba misingi na kujijengea. Deni lilipwe polepole. Likalipwa polepole kweli, kwa pesa ya samaki na ya pombe ya kienyeji, mwezi upo, mwezi haupo. Kwa macho ya ofisini, nyumba yenye deni na makaratasi yasiyokamilika ni nyumba mgonjwa: benki haiitazami, na mnunuzi mwenye pesa anaiogopa.

Kule Namuwongo, Kampala, mradi wa ukoo huohuo ulianza 1987. Namuwongo iko jirani na Muyenga na Bugolobi, na soko la huko halina usingizi. Wenye nafasi walikuja na pesa taslimu. Wengi wa wale waliokusudiwa waliuza, wakateremka bondeni kuanza upya kwenye kibanda kingine, safari hii bila mradi wowote. Kule Masese, akina mama wa Kikaramoja, wa Kisamia, wa Kijaluo na wa Kisoga wengi wao waliendelea kugombania bomba moja la maji. Hakuna sera iliyowalinda. Ni kwamba hakuna aliyefika bei.

Taito wapewe, hata kesho asubuhi. Ni haki yao, waliijenga kwa mikono. Najua tu nani atakayefika keshokutwa, na najua atauliza kama gari linaweza kuegeshwa uani.

Hadi hapo, bibi wa Danida ukimuuliza nyumba yake bei gani, hutaja milioni 300 bila kupepesa, kwa vyumba viwili na paa la zamani.

"Mama," broka humwambia, "kwa bei hiyo hutapata mtu."

"Mwanangu, na mimi ndiyo sababu nimeitaja."