Nauli ya Kurudi Ulikotoka

Mtu wa Gatitu hana haja ya kulipia woga. Alfajiri anasimama steji, anabanwa kati ya gunia la viazi na mwanafunzi anayerudi shule, kisha anamkabidhi roho yake dereva mwenye haraka ya kukwepa foleni. Karatina, Sagana, Thika: ukifika Nairobi salama unamshukuru Mungu, unamdai makanga chenji yako. Kwa hiyo mpwa wangu aliposema bustani moja ya burudani jijini imeleta rolakosta mpya, tena lazima Shosho aipande, nilidhani anatania.

Tulipofika pale, Shosho alilizunguka gari la rolakosta kama anayekagua mbuzi wa mahari.

“Dereva yuko wapi?”

Hakuna dereva, Shosho.

“Na injini?”

Injini pia hakuna. Mpwa, ambaye fizikia imemwingia, akaeleza kwamba mnyororo hulivuta gari hadi kilele cha kwanza, na kutoka hapo uzito wake wenyewe hulishusha, na kasi linayopata hulipandisha vilima vilivyobaki. Ndiyo maana kilima cha kwanza hushinda vyote kwa urefu.

“Yaani linashuka bila gia,” Shosho akasema. “Mwenye lori akifanya hivyo anashikwa.”

Kijana wa pale akatubana kwa chuma kifuani hadi chai ya asubuhi ikataka kurudi. Marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, angefurahi. Sheria zake za 2004 zilizilazimisha matatu kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Sijui angesema nini kuhusu Formula Rossa, rolakosta ya Abu Dhabi iliyofunguliwa 2010, inayofika kilomita 240, mara tatu ya kiwango chake, na hakuna askari wa trafiki njiani.

Tukaanza kupanda. Ka-ka-ka-ka. Mlio ule hutoka kwenye kizuizi kinacholinda gari lisirudi nyuma, lakini hayo niliambiwa baadaye; wakati ule nilidhani ni magoti yangu. Kule juu gari likasita kidogo, likajitupa. Tumbo langu likabaki kileleni. Kofia ikapaa, ikatua upande wa vibanda vya chipsi. Nikaita “Ngai!” kwa sauti ambayo kanisani sijawahi kuitoa. Shosho alikaa kimya, midomo imefumbwa. Alikuwa ameyatoa meno yake ya bandia mapema na kuyafunga kwenye leso. Huyo ndiye abiria mwenye uzoefu.

Sala yangu haijafika amina, tukasimama.

“Hapa si pale tulipopandia?” Shosho akauliza.

Ndipo.

“Na nauli umelipa?”

Nimelipa.

Akamwita yule kijana na kumtaka arudishe pesa zote, kwa kuwa gari halikumfikisha mtu popote. Kijana alicheka, pesa hakurudisha.

Nawe ukienda, kofia iache nyumbani na usikubali kiti cha nyuma kabisa, maana hicho hutoswa kileleni kikiwa tayari kimeshika kasi, na ndicho kinachorusha watu zaidi. Chai uinywe ukishashuka.