Ngao Isiyohitaji Bao

Ngao ya Jamii hufungua msimu wa soka Tanzania Bara. Kwa miaka mingi ilimalizwa kwa mechi moja. Agosti 2023 ikachezwa na timu nne kwenye uwanja wa Mkwakwani, Tanga: Yanga, Simba, Azam na Singida Fountain Gate. Coastal Union, wenye mji na mabingwa wa ligi wa 1988, walichangia uwanja na makofi. Simba ilitoka suluhu na Singida, ikapita kwa penalti. Kwenye fainali ikatoka suluhu na Yanga, kipa wake Ally Salim akapangua penalti tatu. Dakika 180 bila bao, na ngao ikabebwa. Mwaka 2024 Coastal nao wakaingia. Mashindano yakahamia Dar es Salaam na Zanzibar, na Azam ikawafunga 5-2.