Mkono wa Tumbili

Bei ya katani ilipoanguka na wanadamu wakahama, wanyama wa kando ya Mto Pangani walirithi shamba zima la mkonge pamoja na kiwanda chake. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ambayo jicho halikuona mwisho wake. Kiboko alijitangaza mwenye kiwanda, kwa hoja kwamba korona haiendi bila maji, na maji ni yake.

Asiyeijua korona na aelezwe. Ni mashine yenye ngoma za chuma zenye visu butu, zinazozunguka kwa kasi na kuliponda jani mpaka nyama yote itoke zibaki nyuzi. Katika kilo 100 za majani, katani haizidi sana kilo 4. Kinachobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo majani lazima yaingie mengi, tena mfululizo, na lazima iwepo mikono ya kuyapanga. Hapo ndipo alipofanya kazi Tumbili, mama wa watoto wawili.

Mbele ya ngoma palikuwa na kifuniko cha wavu wa chuma. Majani yakikwama, mashine ilizimwa, kifuniko kikafunguliwa, majani yakatolewa, ndipo ikawashwa tena. Ngiri, mnyapara, alipima muda huo akaona ni hasara. Akaamuru kifuniko king'olewe kitupwe nyuma ya ghala. "Yachomoeni huku inazunguka," alisema. "Mikono yenu si myepesi?" Marobota yakaongezeka. Kiboko akamsifu Ngiri mbele ya wote.

Alasiri moja ya masika jani likakwama. Tumbili akapeleka mkono wa kulia, kama alivyoamriwa, kama alivyokwisha kufanya mara nyingi. Nyani alipoona damu alikimbilia swichi, lakini swichi ilikuwa upande wa pili wa jengo, na alipoifikia, mkono ulikuwa umekwenda mpaka kiwiko.

Siku ya tatu Kiboko alimpelekea gunia la mahindi na karatasi. Kasuku, karani wake, akasoma: "Mimi Tumbili niliumia kwa uzembe wangu. Nimepokea hisani ya bwana wangu na sina dai lolote." Chini palitakiwa dole gumba la kulia. Kasuku akatazama bandeji, akameza mate, akasema la kushoto litatosha.

"Usitie dole, mjukuu wangu," alisema Bibi Kobe, aliyekuwa akimuuguza. "Gunia hili litakwisha kabla kidonda hakijafunga."

Likaitwa baraza chini ya mbuyu. Tangu asubuhi hadi jua la utosi hawakuzungumza jambo jingine ila uzembe. Ngiri aliapa kwamba Tumbili alikuwa anasinzia. Nyani akauliza nani aliyeng'oa kifuniko. Wengi walikaa kimya, nami siwalaumu: kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ambacho hakijajaa, na anayekijaza ni mnyapara. Lakini ukimya huo ulimwacha Tumbili peke yake katikati ya baraza, anahojiwa kama mwizi, naye ndiye aliyeibiwa.

Ndipo Mbayuwayu aliposhuka. Kiota chake kilikuwa chini ya paa la ofisi mjini Tanga, na kwa miaka alikuwa akisikia wanadamu wakielezwa haki zao.

"Wanadamu waliacha kuuliza nani mzembe," alisema. "Tanzania walitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi Julai 2015. Aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Anathibitisha ameumia, na ameumia akiwa kazini. Anatibiwa. Asipoweza kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara, mpaka miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, anapata pensheni kila mwezi. Ila dai lipelekwe ndani ya miezi 12, kwa hiyo msimcheleweshe huyu kwa maneno."

"Na fedha anatoa nani?" aliuliza Ngiri.

"Mwajiri, kila mwezi. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti."

Kiboko akanguruma kwamba sheria hiyo ni ya wanadamu.

"Na korona ni ya nani?" Bibi Kobe alimjibu. "Kipande ni cha nani? Umechukua mashine yao, ukachukua saa zao na mizani yao. Kilichokushinda kubeba ni deni lao tu?"

Kiboko hakuwa na jibu, lakini kukosa jibu hakukumfanya alipe. Kilichomfanya alipe ni asubuhi iliyofuata, Nyani na wenzake waliposimama mbele ya korona mikono nyuma, wakasema hailishwi hata jani moja mpaka kifuniko kirudi na swichi iwe mahali mkono unapofika. Jani la mkonge lililokwisha kukatwa haliwezi kukaa. Likikauka, nyuzi hazitoki sawasawa. Majani yalirundikana kwenye jua. Kufikia jioni Ngiri alikuwa nyuma ya ghala, anang'oa kifuniko kwenye magugu.

Mfuko ukaanzishwa. Ngiri alijaribu kuuchangisha kutoka mishahara ya vibarua, Bibi Kobe akamrudisha. Tumbili akawa anapokea chake kila mwisho wa mwezi. Kiboko alitaka aje kushukuru hadharani. Hakwenda, na alifanya vema. Alichopokea ni malipo, tena ni pungufu: hakuna mfuko unaomrudishia mama mkono wa kumbebea mtoto.

Wakati dai lake linaandikwa, foleni ilikuwa imeota nyuma yake. Wa kwanza alikuwa Paa wa chumba cha brashi, wanakosugua katani kavu mpaka vumbi lake linafunika taa. Alikohoa kabla hajasema jina lake.

"Huyu hana hata mkwaruzo," alisema Ngiri.

"Maradhi ya kazi nayo yamo katika sheria," alisema Mbayuwayu.

Kasuku akachovya kalamu. "Tarehe ya ajali?"

"Kila siku," alisema Paa.

Kasuku akatafuta mahali pa kuliandika jibu hilo, hakupaona.

"Andika siku aliyoanza kazi," alisema Bibi Kobe, "kisha mpeleke kwa mganga leo hii. Kipande chake kitamsubiri."