Kaktasi Kwenye Nyumba ya Wakarimu

Mmea wa jangwani hauogopi jua, hauogopi ukame wala upepo wa vumbi. Unachokiogopa, kama ungepewa mdomo wa kusema, ni mama yangu na jagi lake.

Kwetu ni Dar es Salaam, ghorofa ya pili, nyumba yenye kibaraza kinachotazama machweo na watu wasioweza kuona kiumbe chochote kimekaa bila kupewa kitu. Fundi bomba akija hula kwetu. Msoma mita ya maji amewahi kula pilau kwetu, akaomba na ukoko, na bili ikaja vilevile. Katika nyumba ya namna hiyo ndimo nilimoingiza kaktasi ya duara, ndogo, yenye miiba ya rangi ya dhahabu, niliyoinunua kwa kijana anayeuza miche kando ya Barabara ya Bagamoyo. Aliizungushia gazeti akanikabidhi kwa onyo moja tu: "Bosi, huyu usimhangaikie. Ukimwonea huruma, umemuua."

Nikalifikisha onyo hilo nyumbani neno kwa neno. Wote wakaitikia. Mama akaikagua kaktasi kwa umbali wa heshima.

"Mbona imejikunyata hivi?"

"Ndivyo ilivyoumbwa, Mama."

"Ina kiu."

Kuanzia hapo ikawa inahudumiwa kwa siri. Mama aliimwagia asubuhi akitoka kuswali. Dada wa kazi aliipa adhuhuri, maji ya kuoshea mchele, kwa kuwa yale yana vitamini. Mke wangu jioni aliikamulia majani ya chai. Kitindamimba wetu naye, tulikuja kujua baadaye, aliigawia juisi ya ukwaju kwa sababu kila mtu mezani alikuwa ameshapata. Ubaya ni kwamba kila mmoja alijiona ndiye peke yake mwenye utu, na kwamba wengine wameitelekeza. Nyumba nzima ilikuwa inanitazama kwa jicho la kunihukumu.

Nilijaribu elimu. Nikawaeleza kwamba kaktasi karibu zote asili yake ni Amerika, na hii yetu kwao ni Mexico, kwenye makorongo ya Querétaro na Hidalgo. Huko mvua ikishuka, mizizi iliyotandaa juujuu ardhini huyanyonya maji upesi, shina linavimba, kisha mmea unakaa miezi ukila akiba yake. Mizizi hiyohiyo ukiiweka kwenye udongo usiokauka inakosa hewa, ukungu unaingia, inaoza. Nikaleta na takwimu: Tucson, kwenye jangwa la Arizona, kwa mwaka hupata mvua ya milimita 300 hivi, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Yaani hata jagi la Mama lingepotea, masika peke yake ilitosha kumaliza kazi.

Mwisho nikatoa ushahidi niliodhani hauna jibu. Miaka ya 1990 huko kwao lilijengwa bwawa la Zimapán, maji yakafunika sehemu ya makorongo zinamoota kaktasi hizi. Ukoo mzima, nikasema, umepata msiba kwa ajili ya maji.

Mama akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Kumbe imezoea maji."

Kaktasi haifi kwa kelele. Waridi likiugua linaangusha majani na mtaa mzima unajua, lakini hii inabaki kijani, miiba imesimama, mgeni anapita anasema mashallah. Ugonjwa uko chini, pale shina linapokutana na udongo: rangi inageuka kahawia taratibu, ngozi inakuwa laini, ukiibonyeza kwa mpini wa kijiko inabonyea na hairudi. Siku nilipoikunjia gazeti niigeuze ipate mwanga upande wa pili, nusu ya juu ilikuja mkononi, nusu ya chini ikabaki kwenye chungu. Katikati palikuwa na uji. Harufu yake sitaieleza, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Familia ikakusanyika. "Unaona?" akasema Mama kwa majonzi ya kweli kabisa. "Tulikwambia ina kiu."

Ya pili niliipokea kwa mipango. Chungu cha udongo chenye tundu chini, si kopo la rangi. Mchanga wa mtoni, ule mkubwa wenye kokoto, nikauchanganya na udongo kidogo. Jirani wa chini alinishauri nichote tu mchanga wa ufukweni, bure, umejaa tele. Nikamshukuru na kumwacha na chumvi yake. Nikaizoesha jua kidogo kidogo, maana kaktasi iliyolelewa kivulini ukiitupa ghafla kwenye jua la saa saba inaungua, inabaki na baka lisilofutika. Kabla ya kumwagilia nachomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, naahirisha. Nikiinywesha ndiyo nainywesha hasa, mpaka maji yatoke kwa tundu la chini, kisha naisahau.

Akaja baba mdogo kutoka Singida kwa matibabu ya macho. Macho yenyewe sijui yalikuwa na tatizo gani, maana kaktasi aliiona tangu mlangoni.

"Umenunua mnyaa? Kwa hela?"

Nikamweleza kwamba hii siyo mnyaa, wala siyo ile miti mirefu ya miamba ya kwao ambayo watu wengi wanaiita kaktasi. Ile ni jamaa ya mnyaa, ya hapahapa Afrika, na ukiikata inatoa utomvu mweupe unaoweza kumpofua mtu. Kaktasi nyingi hazina utomvu huo, na miiba yake huchipuka kwa mafungu, kila fungu kwenye kidoa chake chenye manyoya. Hawana undugu. Ni shida tu za kufanana, ukame wa huku na ukame wa kule, ndizo zilizowapa umbo moja.

Baba mdogo alisikiliza kwa makini. Kisha, kama mtu wa ushahidi, akatoa kisu chake kidogo mfukoni akaichoma ubavuni. Hayakutoka maziwa. "Hii imeshaisha muda," akasema, akafuta kisu kwenye suruali. "Karudishe."

Kovu lile likakauka lenyewe. Lakini hadithi kubwa ya nyumba yetu haikuletwa na hiyo ya duara, ililetwa na kaktasi nyingine, mpungate.

Mpungate nilipewa na mfanyakazi mwenzangu, kipande kimoja bapa kilichofungwa kwenye mfuko wa mkate. Hicho hakihitaji hata adabu: unakiacha kivulini siku kadhaa jeraha likauke, unakisimamisha kwenye mchanga, kinashika. Kilistahimili jagi, maji ya mchele, kila kitu. Mama akakipenda, hatimaye mtoto anayekula. Kikaota cha pili juu ya cha kwanza, cha tatu kikachomozea pembeni, kikafika usawa wa kamba ya nguo.

Miiba mirefu ya mpungate unaiona na unajihadhari. Wenyewe hasa ni vile vijimiiba vya chini yake, mamia kwa mamia, vyembamba kuliko unywele, rangi ya manjano iliyofifia, kila kimoja na vikulabu vidogo vilivyotazama nyuma. Ukivigusa tu vinang'oka kwenye mmea na kuhamia kwako. Kuingia ni rahisi. Kutoka ndiyo kesi.

Shangazi alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa harusi ya Temeke. Alifua doti yake ya kanga, sare ya upande wa bwana harusi, akaianika kibarazani. Kusi ilivuma mchana kutwa, na kanga ikashinda inamkumbatia mpungate. Jioni akaianua, akaikung'uta, akajifunga moja kiunoni na nyingine akajitanda, akaenda kwenye mkesha.

Waliokuwepo wanasema ngoma ilikuwa haijapamba moto alipoanza. Kwanza bega la kushoto. Kisha kiuno. Kisha bega na kiuno kwa pamoja, kwa kasi ambayo hakuna aliyetegemea kwa mama wa umri ule mwenye presha. Wanawake wakampisha katikati. Vigelegele vikapigwa. Mpiga dumbaki akaongeza mwendo kumfuata, na watu wakaanza kumtunza noti, wengine wakizibandika moja kwa moja mabegani, wakizikandamiza vizuri zisidondoke.

Alirudi usiku na shilingi elfu arobaini na hasira za milioni. "Nimemwagiwa upupu!"

Mtuhumiwa alijulikana kabla kesi haijafunguliwa: wifi yake, waliyegombana naye wiki hiyohiyo kwa sababu ya rangi ya sare. Alihukumiwa pale sebuleni bila kuwepo. Mimi nilimwomba Shangazi akae chini ya taa, nikawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni ya mkono wake, maana mwanga wa juu hauvionyeshi. Vikang'aa. Tangu kiwiko hadi bega, msitu mdogo wa dhahabu. Nikamkataza kujisugua, kwani kusugua kunavikata na kuviacha ndani. Tukabandika selotepu, tukabandua. Bandika, bandua. Vilivyobaki tukavifuata kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, kimoja kimoja, Shangazi akitaja jina la wifi yake kwa kila kinachotoka.

"Shangazi, siyo upupu. Ni huo mmea hapo nje."

"Mmea umetoka nje ukaja kwenye kanga yangu?"

Nikafanya kosa la kuongeza elimu. Nikamwambia mimea hii ina maajabu, hata kupumua haipumui kama mingine: mchana hufunga vitundu vyake vya hewa isipoteze maji, usiku watu wakilala ndipo huvifungua. Shangazi akaacha kujikuna.

"Kiumbe kinachofanya shughuli zake usiku," akasema polepole, "jina lake tunalijua."

Mke wangu akaamuru mpungate utupwe jalalani alfajiri. Nikakataa, na siyo kwa mapenzi. Kipande cha mpungate ukikitupa hujakitupa, umekipanda. Laikipia, Kenya, ulipelekwa zama za ukoloni kwa ajili ya ua, na leo umeteka malisho: tembo wanakula matunda na kusambaza mbegu, mbuzi wakila vijimiiba vinawakwama mdomoni na tumboni, mpaka imebidi waletwe wadudu maalumu wa kuushambulia. Australia uliwafika shingoni zaidi, wakaagiza nondo kutoka Argentina, nondo mdudu, siyo ya zege, wakamwachia mwaka 1926, na viwavi wake wakausafisha kwa miaka michache tu. Huko Boonarga, Queensland, upo ukumbi wenye jina la nondo huyo, umejengwa kwa kumbukumbu yake. Sikutaka kuwa mtu anayesababisha Kinondoni wajengewe ukumbi kama huo.

Basi kamba ya nguo ndiyo iliyohama. Na kuhusu ile ya duara, nilikwenda Kariakoo nikanunua kaktasi ya plastiki, nikaiweka sebuleni karibu na televisheni, na ya kweli nikaificha kibarazani nyuma ya ndoo. Mama huimwagilia ya plastiki kila asubuhi. Anaisifu kwa wageni: haichagui, inakunywa, haijawahi kumsumbua. Dada wa kazi anajua siri yote. Ndiye anayemwaga maji ya kisahani, na kimya chake nakilipia.

Ya nyuma ya ndoo haionekani kukua. Huu ni ukoo wa subira. Wenye uzoefu husema maua yake huja baada ya miaka mingi, mmea ukishakuwa mkubwa wa kukumbatiwa, kama wapo wa kuukumbatia. Mkataba wetu wa pango ni wa mwaka mmoja mmoja.

Jana Shangazi alipiga simu kutoka Tanga. Akauliza hali ya Mama, ya watoto, akauliza bei ya mchele, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, ule mmea wako wa usiku bado upo?"

"Upo, Shangazi."

"Nikatie kipande, umpe mtu wa basi aniletee."

"Cha kupanda wapi, Shangazi?"

"Kwa wifi yangu. Ana kibaraza kizuri, hana maua kabisa, maskini. Pale pale anapoanikia nguo."