Kikorogeo cha Chachu cha Kujiundia

Kikorogeo cha chachu ni kisanduku chenye feni ndani, sumaku zilizogundishwa juu ya feni, na chupa ya kioo juu ya kisanduku. Chupani hulala kijiti cha sumaku kilichovikwa Teflon. Feni ikizunguka, sumaku huzunguka nayo, kijiti hufuata, na maji ya kimea hukorogeka usiku kucha bila mkono wa mtu. Maelezo ya kifaa yanaishia hapo. Yanayobaki ni namna kinavyogoma.

Waundaji wake ni wapika bia wa nyumbani, hasa wa Marekani, ambako sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter Oktoba 1978 iliruhusu watu kujipikia bia bila kulipa kodi. (Alabama na Mississippi zilisuasua hadi 2013.) Pipa la kawaida la lita 19, kwa bia ya ukali wa wastani, huhitaji seli za chachu bilioni 180 hivi. Pakiti ya chachu ya maji hutoka kiwandani na bilioni 100 hivi, na hizo huendelea kufa dukani. Pakiti mbili zingemaliza tatizo. Lakini pakiti ina bei, na mpishi ana droo iliyojaa mabaki ya kompyuta mbovu, kwa hiyo chachu itazalishwa nyumbani. Kukoroga huharakisha uzazi huo: hufukuza kaboni dioksaidi, huingiza hewa, na huzuia chachu isituame chini na kusinzia. Emil Christian Hansen, aliyekuza chachu safi kutokana na seli moja mjini Copenhagen mwaka 1883, alikuwa na maabara ya Carlsberg. Mpishi wa gereji ana kisanduku cha sigara.

Feni hutolewa kwenye kompyuta ya zamani: volti 12, upana wa milimita 80. Sumaku hutolewa kwenye diski ngumu, na hapo ndipo damu ya kwanza hutoka. Sumaku hizo za neodimiamu ni nyembamba na zenye nguvu kupita umbo lake. Mbili zikisogezwa karibu huungana kwa kishindo, na kilichokuwa katikati, aghalabu ngozi ya kidole gumba, huingizwa kwenye muungano huo bila kuulizwa.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuzigundisha katikati ya feni. Zikienda upande hata milimita mbili, feni hutetema na kisanduku huanza kutembea mezani, polepole, kuelekea ukingoni, kikiwa kimebeba chupa ya lita mbili. Gundi nayo ina mambo yake. Ile ya haraka hushika kidole kabla ya kushika sumaku. Ya epoksi hutaka saa kadhaa za utulivu, na sumaku huzitumia saa hizo kuifuata bisibisi iliyosahauliwa karibu. Isiyokauka sawasawa husubiri feni ifike kasi yake ya juu, tena usiku wa manane, ndipo sumaku ichomoke na kuubamiza ukuta wa kisanduku.

Umeme huja kwa adapta iliyokosa mwenyewe. Ya volti 5 mara nyingine haiwezi hata kuiamsha feni. Ya volti 12 huikimbiza hadi kijiti kinashindwa kuifuata, kinarushwa, kinagonga kioo na kujilaza pembeni huku feni ikiendelea na safari yake. Dawa ni kufunga kitufe cha kupunguza umeme, kama kile cha sauti kwenye redio, na kupandisha kasi kidogo kidogo.

Chakula cha chachu ni gramu 100 za unga wa dondoo la kimea kwa kila lita ya maji, zinazochemshwa dakika 10 hivi. Unga huo ukikutana na mvuke hugeuka gundi, bora kuliko ile iliyoshindwa kwenye feni. Chupa ya Erlenmeyer, yenye kitako kipana na shingo nyembamba, inafaa sana kukorogea na haifai kuchemshia: povu likipanda hupitia shingoni na kumwagikia jiko lote. Wenzi wengi wa wapika bia hupata habari za mradi katika hatua hii.

Maji yakipoa hadi nyuzi 20 za Selsiasi, chachu hutiwa na mdomo wa chupa hufunikwa kwa foili iliyolegea. Gesi lazima itoke. Aliyekaza kizibo hukikuta sakafuni, na chachu darini.

Baada ya siku moja au mbili chupa huwekwa kwenye friji, chachu hutuama, maji ya juu humwagwa, na mashapo mazito hutiwa kwenye pipa la bia. Wakati wa kumimina, sumaku nyingine hushikizwa nje ya kitako cha chupa ili kijiti kisitoke. Asiyeishikiza hukisikia kijiti kikigonga chini ya pipa. Teflon haidhuru bia, basi kijiti huachwa humo mpaka bia imalize kuchacha, kisha huokotwa pipa linapooshwa, mradi anayeliosha awe ameambiwa.