Yowe Juu ya Sofa

Mxiu! Niacheni nisonye kwanza, maneno yatafuata. Mtu ana sebule yake ya maana: sofa la kona, zulia la manyoya, pazia mpaka chini. Halafu juu ya sofa katundika kiumbe kipara, mikono kichwani, mdomo wazi, na mbingu nyuma yake inawaka nyekundu. Ukimuuliza huyu kapatwa na nini, anakujibu kwamba rangi zake zinaendana na mito. Na mito! Mxiu!

Kiumbe hicho ni cha Edvard Munch, mchoraji wa Norwei, na picha yenyewe, Yowe, ni ya mwaka 1893. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akitembea na rafiki zake wawili jua likizama, mbingu ikageuka damu, wenzake wakaenda zao, yeye akabaki kasimama anatetemeka, akihisi yowe likipita katika ulimwengu wote. Tazameni basi: wale wawili wanaopotelea nyuma, hawana habari. Na huyu wa mbele haumwi jino, kama anavyodai kijana wetu wa bodaboda, kaziba masikio. Sasa mtu aliyeziba masikio unamweka pale pale wageni wanapokuja kupiga soga. Wageni waelewe nini?

Muuzaji wa nakala hiyo naye hajambo kwa maneno: "Mafuta halisi juu ya kanvasi, sawasawa na ile yenyewe." Ile ipi? Ile ya 1893 iliyoko Makumbusho ya Taifa, Oslo, imechorwa juu ya kadibodi! Rangi ya mafuta, tempera na pasteli, vyote mle mle. Tena ina doa jeupe ambalo watu walidhani ni kinyesi cha ndege, hadi 2016 wataalamu walipopima wakakuta ni nta ya mshumaa. Na juu pembeni pana maneno madogo ya penseli, kwamba picha hii angeweza kuichora mwendawazimu tu. Mwaka 2021 makumbusho yakatangaza kuwa mwandiko ni wa Munch mwenyewe. Kwa hiyo ile yenyewe iko na kaptula yenye doa, nakala imekuja na suti, halafu tunaambiwa hao ni pacha.

Wala msidhani picha hizi zilizaliwa ziwe mapambo. Munch aliwafungulia njia Wajerumani walioitwa maekspreshonisti, watu wa kuchora kinachowachemka moyoni, hata farasi akawa wa buluu na uso wa mtu ukawa kijani. Mwaka 1937 serikali ya Hitler ilizizoa kazi zao kwenye majumba ya makumbusho, ikazitundika Munich ili watu waje kuzicheka. Ernst Ludwig Kirchner, aliyenyang'anywa mamia ya kazi zake, alijiua mwaka uliofuata. Mchoro wa mwenzao Franz Marc, Mnara wa Farasi wa Buluu, umepotea tangu vita viishe 1945. Anayeutaka ukutani leo hana njia ila nakala. Nanyi mnakuja kuulizia kama ipo ya futi tatu kwa nne.

Hapo fundi viatu akadakia: "Si useme tu feki ni feki, mzee wangu, tumalize."

Hapana, fundi. Mnunuzi nimemsonya, muuzaji nimemsonya, lakini mchora nakala simsonyi ng'o. Munch mwenyewe alilirudia Yowe: mara mbili kwa rangi, mara mbili kwa pasteli. Moja ya zile za pasteli, ya 1895, iliuzwa New York mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 120; nani aliiita feki? Picha yake nyingine, Mtoto Mgonjwa, aliichora mara sita katika miaka kama 40. Naye alifariki 1944, na Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo kumnakili leo si wizi. Na hapa Dar, Edward Saidi Tingatinga alipofariki 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea na chui na ndege wake kwa rangi ile ile ya baiskeli, kila mmoja akatia saini yake. Tukala ugali, tukasifiwa.

Mnawajua watu wa Dafen, kule Shenzhen, China? Mwaka 1989 Huang Jiang alitoka Hong Kong akafungua kazi ya nakala pale kijijini, na wachoraji wakaja kuwa maelfu. Kanvasi zinapangwa ukutani kwa mstari, huyu anapiga mbingu zote, mwenzake anafuata na nyuso. Mkono huo umefanya kazi, bwana. Unadai ujira, haudai matusi.

Feki ya kweli ni ile iliyotoka kwenye printa, ikapakwa jeli ya kung'aa kwa brashi, ukaambiwa ni mkono. Usikubali. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha: mistari ya brashi ifuate rangi, pale nyekundu inapopinda na mkwaruzo upinde nao. Kama mikwaruzo inakwenda kushoto huku mbingu inakwenda kulia, umepigwa. Chungulia kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vidoa vidogo vidogo vimejipanga, hiyo ni mashine. Na anayekuahidi rangi nzito ya mafuta ichorwe leo ikufikie kesho imekauka, mwache aende. Rangi hiyo huchukua wiki, hata miezi.

Nunueni, sijakataza. Ila mwambie mchoraji aandike jina lake nyuma ya kanvasi, na umlipe kama mtu mwenye jina. Mgeni akiuliza ni ya nani, mtajie wawili: aliyetetemeka, na aliyekaa na brashi. Ukimtaja Munch peke yake huku nakala umeilipia bei ya chipsi mayai, nitasonya mpaka mtaa wa pili wasikie.